Hapana za Lonnie Prewitt

Kumwamsha Lonnie Prewitt ni kazi yenye adabu zake. Humgusi bega. Humwinamii usoni ukamwita kwa upole, maana upole ndio unaomtisha kuliko yote. Unasimama mlangoni, unanyoosha mpini wa ufagio, unamgusa unyayo, kisha unamwita kwa jina la ukoo kama alivyoitwa jeshini: "Prewitt! Saa kumi na mbili!" Halafu unangoja. Akishajua kwamba yuko Pueblo, Colorado, katika nyumba yake mwenyewe, na kwamba aliye mlangoni ni mkewe, atasema, "Nimeamka, mama." Hapo ndipo unapoweza kwenda kutia kahawa jikoni.

Twyla, mkewe, alijifunza adabu hizo kwa gharama. Kiangazi kile Lonnie aliporudi kutoka Iraki, alimgusa bega mumewe asubuhi moja, na wiki nzima iliyofuata akaenda kazini amejifunga kitambaa shingoni katikati ya mwezi wa saba. Wenzake wa jikoni pale shuleni walimtania. "Twyla, unaona baridi wewe, au kuna mtu amekuuma?" Akacheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu hapo walilala vyumba viwili, na miaka ishirini ikalipitia jambo lile kama mchanga unavyopita juu ya njia: haukulifuta, ulilifunika tu.

Lonnie hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa dereva wa lori la mafuta, kutoka Kuwaiti kupanda kaskazini, mbele yake malori na nyuma yake malori. Amri ya msafara ilikuwa moja, na waliimbishwa mpaka ikawatoka puani: msafara hausimami. Likitokea lolote, endesha. Siku lilipotokea, lilitokea kwenye lori la nyuma yake, la kijana aliyeitwa Teague, na Lonnie alimsikia kwenye redio akimwita kwa jina. Alimwona pia, kwenye kioo cha pembeni. Akaendesha. Baadaye jeshi lilimpa cheti kwa kutosimama kwake, na cheti hicho mpaka leo kiko chini ya soksi, ndani ya bahasha ambayo hajaifungua mara ya pili.

Kwa hiyo kwao mke ndiye anayeendesha gari. Mume hukaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ambako hakuna kioo kinachomfikia, na majirani wasiojua husema Lonnie Prewitt anajiona bosi wa kampuni.

Vidonge alipewa vya kila rangi. Vya usingizi, vya kuondoa ndoto, vya kuondoa hofu iliyoletwa na vidonge vya kuondoa ndoto. Vingine vilimfanya anenepe, vingine vilimfanya akae saa nzima akitazama jokofu lililo wazi. Miaka mitatu iliyopita Twyla alirudi kazini mapema, akamkuta gereji amekaa kwenye ndoo, na barua mapajani iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wowote aliowahi kumwona nao. Walikaa pale wawili mpaka gari la wagonjwa likaja. Baada ya hapo ndipo daktari alipompa lithiamu.

"Hii ni chumvi tu," daktari alieleza. "Ni chumvi inayotoka ardhini."

Lonnie akaiita hivyo tangu siku ile: chumvi yangu. Ilimtetemesha mikono, na ilimfanya anywe maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, lakini ilimshika. Hakuwa na furaha. Alikuwa yupo. Binti yao, aliyeolewa Omaha, hupiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Baba anaendeleaje?" na Twyla hujibu, "Yupo." Wote wawili wanajua kwamba hilo ni jibu kubwa.

Ndipo akaja Deke Wofford na habari za uyoga wa tiba, ule unaopandisha njozi.

Deke alikuwa dereva wa lori la tatu katika msafara uleule. Mtu huyu kwa miaka mingi hakuweza kukaa mkahawani mpaka apewe kiti kinachotazama mlango, na hata akipewa hakuweza kumaliza sahani. Sasa aliingia kwa Prewitt bila kutazama pembe za chumba, akaketi popote, akala bakuli mbili za supu ya nguruwe na pilipili mbichi za Pueblo, akaomba ya tatu.

"Shemeji," alimwambia Twyla, "nimelia kwa saa sita nzima. Saa sita! Nimelia mpaka msimamizi wa tiba akabadilisha mto. Halafu nikaamka nikaona njaa. Sijawahi kuona njaa tangu tutoke kule."

"Ulikuwa mnene lakini," alisema Lonnie.

"Nilikuwa nakula. Kuona njaa ni kitu kingine, bwana."

Hapo Colorado uyoga ule sasa una sheria yake na wasimamizi wenye vibali, na kuna chama cha wanajeshi wa zamani kinachowalipia wenzao. Ila orodha ni ndefu. Lonnie aliandikisha jina mwezi wa tano, akangoja miezi kumi na moja. Mtu aliyekuwa hangoji hata chai ipoe alingoja miezi kumi na moja, na Twyla, akimwangalia, aliingiwa na kitu alichokuwa amekikataza nyumbani mwake. Alianza kutumaini. Hakuwa akiota makubwa. Alitaka kulala usiku mmoja ubavuni mwa mtu aliyeoana naye, aamke asubuhi amgeukie bila kupima umbali wa mkono wake. Hakumwambia mtu. Matumaini yakisemwa huchosha zaidi.

Fomu ilipokuja, ilikuwa na kurasa tisa. Deke aliipindua mezani kwa kidole kama mtu anayekagua samaki.

"Hapa pote weka hapana," alisema. "Si unakumbuka kambini?"

Lonnie alikumbuka. Twyla pia alikumbuka, tena labda kuliko wao. Siku msafara uliporudi nyumbani, kabla ya kufunguliwa milango, askari walipewa fomu. Unaota ndoto mbaya? Uliona maiti? Unajisikia kumdhuru mtu, au kujidhuru? Aliyejibu ndiyo alibakizwa kambini wiki mbili, tatu, akahojiwa na mtu baada ya mtu, huku wenzake wakienda kukumbatiwa. Habari ilishawafikia tangu jangwani: andika hapana, uende nyumbani. Wakaandika hapana, kikosi kizima, kalamu moja ikipita mkono hadi mkono. Twyla alikuwa ukumbini pamoja na wanawake wengine, ameshika bango alilolipamba kwa vibandiko vya nyota, akimwomba Mungu Lonnie atoke na kundi la kwanza. Akatoka na kundi la kwanza. Aliruka kwa furaha mpaka kiatu kikamvuka. Miaka ilipita kabla hajaelewa alichokuwa akikishangilia.

"Lakini hii si ya jeshi, Deke," alisema sasa.

"Shemeji, fomu ni fomu."

Msimamizi aliyepangiwa Lonnie aliitwa Corinna Salcido, muuguzi wa jeshi wa zamani, mama wa miaka sitini mwenye nywele za mvi alizozisuka mikia miwili. Nyumba yake ya tiba iko nje ya mji, njia ya Cañon City. Alikutana nao mara tatu kabla ya siku yenyewe, na mara zote tatu alitaka Twyla awepo. Mara ya kwanza aliisoma fomu kwa sauti, swali kwa swali, miwani ikiwa puani.

"Ugonjwa wa moyo?"

"Hapana."

"Kifafa?"

"Hapana."

"Lithiamu? Sasa hivi, au ndani ya mwezi mmoja?"

"Hapana."

Corinna alivua miwani. "Hilo nalirudia kwa kila mtu, usinichoke. Lithiamu na uyoga havikai nyumba moja. Watu wameshikwa na kifafa kibaya. Na mtu haachi lithiamu kwa kuamka asubuhi akaamua. Ni daktari ndiye anayempunguzia, polepole, kama anaona inafaa. Kwa hiyo?"

"Hapana, mama," alisema Lonnie, wima kama yuko gwaride.

Corinna akamtazama Twyla. Twyla alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado inanuka vitunguu vya chakula cha mchana cha wanafunzi mia nne. Lonnie alikuwa amemwambia ameacha. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na kwa sababu kutoamini kungekuwa kazi nyingine ya kufanya akirudi nyumbani.

Siku tano kabla ya siku yenyewe, akitafuta betri, alikikuta kichupa cha lithiamu nyuma ya kopo la misumari. Kilikuwa kipya, chenye tarehe ya wiki ileile. Alikiweka mezani katikati ya sahani mbili.

"Ulisema umeacha."

"Nimeacha."

"Lonnie."

"Nitaacha. Nitaruka siku mbili za mwisho."

"Corinna amesema mwezi. Tena chini ya daktari."

"Corinna hajui mimi bila chumvi ni nani. Wewe unajua." Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa rahisi zaidi. "Nilijaribu kuacha mwezi uliopita, siku nne. Siku ya nne nikaenda gereji, nikasimama tu. Nikarudi nikameza."

Twyla akakaa. Siku hizo nne alikuwa akipika na kufua na kwenda kazini na kurudi, na hakuona chochote.

"Basi mwambie ukweli," alisema.

"Nimwambie, akate jina langu? Nirudi mkiani mwa orodha? Ukisema ndiyo unabaki kambini, Twyla. Nina miaka ishirini niko kambini."

"Na kifafa?"

"Nikianguka utaniinua kwa ufagio wako." Alijaribu kucheka, akanywa maji. "Afadhali nijaribu mara moja nipone au nisipone. Hivi nilivyo, mama, nimechoka. Na wewe umechoka. Usiniambie hujachoka."

Twyla aliosha sahani. Asubuhi alikwenda kazini, akamenya viazi, akamjibu kila aliyemsalimu. Siku tano zilimpita akiwa na jambo lile kinywani kama kipande cha nyama kigumu ambacho huwezi kukimeza na mbele ya watu huwezi kukitema.

Siku yenyewe waliondoka asubuhi, Lonnie nyuma, Twyla kwenye usukani.

Chumba kilikuwa na godoro chini, blanketi mbili, ndoo, spika ya muziki, na dirisha lililofunikwa kwa pazia la buluu. Corinna alikuwa ameandaa uyoga uliosagwa ndani ya kikombe chenye maji moto na ndimu. Harufu yake ilikuwa ya udongo baada ya mvua.

"Leo sajenti hapa ni mimi," Corinna alimwambia Lonnie. "Nikisema vua buti, unavua. Nikisema kojoa kwanza, unakojoa kwanza."

"Ndiyo, sajenti."

"Naam, hiyo ni 'ndiyo' ya kwanza ninayoisikia kwako." Kisha akaacha mzaha. "Nauliza mara ya mwisho, kwa mujibu wa kanuni. Kuna dawa yoyote mwilini mwako ambayo sijaambiwa?"

"Hapana."

Twyla akaambiwa aende, arudi saa kumi. Alimbusu Lonnie juu ya paji la uso akiwa macho, maana akiwa macho inawezekana, akatoka.

Alikaa garini. Funguo zilikuwa mkononi. Mbele yake kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio farasi wawili wa watu, wamesimama kichwa kwa mkia wakifukuziana inzi.

Alijaribu kuwaza kama mtu jasiri, mawazo yakakataa. Alichowaza ni kwamba Lonnie aliruka siku mbili tu, kama alivyosema, na kwamba akiwasha gari sasa atakwenda kununua maziwa na sabuni, na saa kumi atarudi kujua kama ana mume. Na kama hana, atajua pia kwamba alijua. Hilo ataamka nalo kila siku. Atalipikia, atalifulia. Alikwisha kubeba mambo mengi ya Lonnie, na la Teague pia, ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha. Aliona wazi kabisa kwamba hana pa kuliweka hili moja zaidi. Wengine huongozwa na ujasiri. Yeye aliongozwa na mgongo uliokataa mzigo.

Alishuka, akauacha mlango wa gari wazi, akaingia bila kubisha.

Lonnie alikuwa ameketi kwenye godoro bila viatu, kikombe karibu na midomo.

"Anameza lithiamu," Twyla alisema. "Ameacha juzi tu. Usimpe."

Corinna aliinama, akakitoa kikombe mikononi mwa Lonnie kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, taratibu, akakiweka mbali. "Umekunywa?"

"Bado," alisema Lonnie.

"Hata kidogo?"

"Bado, nimesema."

Corinna akaketi chini palepale sakafuni. "Nimewahi kumshika mtu akiwa ameuma ulimi wake," alisema. "Sitaki tena. Wewe mwanamume, ulitaka kunifanya nini?" Alipotulia aliongea vingine. Hamfukuzi. Ataandika barua kwa daktari wake. Jina litabaki. Lakini hatamwahidi kitu, kwa sababu wako watu ambao ile lithiamu ndiyo ukuta unaoshika nyumba, na mtu habomoi ukuta ili aingize dirisha. Na kuruka siku mbili nako ni hatari. Aende hospitali leo, si kesho.

Lonnie alikuwa akifunga buti. Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena.

Walirudi kupitia hospitali. Njiani Lonnie aliongea mara moja tu, kutoka kiti cha nyuma.

"Miaka ishirini umenyamaza vizuri," alisema. "Ukachagua leo."

Twyla aliendelea kuendesha. Alikuwa na la kujibu, refu tena, lakini lilihitaji pumzi.

Jioni Deke akapiga simu. "Shemeji, hivi ni kweli? Umemchongea mwenzako?"

"Ni kweli."

"Sisi hatuchongeani. Unajua hatuchongeani."

"Mimi sikuwa kwenye lori, Deke," alisema Twyla. "Mimi ni mpishi." Akakata simu, akakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku tisa Lonnie hakusema naye ila yale ya lazima. Chumvi alirudi kuimeza. Hilo alilifanya mbele yake, mezani, asubuhi na jioni, akimtazama machoni, na Twyla hakujua kama ni kumwonyesha au kumsuta. Alimwamsha kama kawaida. "Nimeamka," alikuwa akisema, bila ile *mama*. Ni neno dogo, lakini nyumba ilipungua.

Siku ya kumi Twyla alimkuta amesimama kwenye sinki, amempa mgongo.

"Namwona daktari Alhamisi. Barua ya yule mama imefika."

"Sawa."

"Uje."

"Kukuendesha?"

"Kusema." Alifungua bomba, akalifunga. "Mimi nikiulizwa, mdomo unajibu wenyewe. Hata kabla sijasikia swali. Nilijijua siku ile pale, kikombe mkononi. Nilitaka kusema ndiyo, Twyla. Ikatoka ile nyingine."

Daktari alikuwa kijana mwenye mafua. Alimuuliza Lonnie usingizi ukoje, na Lonnie akafungua mdomo, akaufunga, akamwelekezea mkewe kidole gumba. Basi Twyla akasema. Alisema kwa sauti ileile anayosomea orodha ya vyakula vya wiki, bila kulia, moja baada ya jingine: vyumba viwili, ufagio, siku nne za kuacha dawa, gereji, kichupa nyuma ya misumari. Ilichukua dakika kama ishirini. Lonnie alitazama sakafu, na mara moja tu alisahihisha: "Hazikuwa nne. Zilikuwa tano."

Daktari aliandika yote. Akasema kumpunguzia lithiamu mtu wa namna yake kungechukua miezi, na kwamba hajashawishika kuwa ni busara. Kuna tiba ya kuongea, ndefu na ya kuchosha, ambayo haihitaji uyoga wala kuacha kitu, na ambayo Lonnie aliwahi kuianza akaikimbia wiki ya pili. Wangeanza na hiyo. Ya uyoga wangeitazama baada ya mwaka.

"Na baada ya mwaka?" Lonnie aliuliza.

"Huenda jibu likawa hapana. Huenda isiwe yako kamwe. Sitaki kukudanganya."

Lonnie alikuwa amengoja miezi kumi na moja ili aje aambiwe hivi na mtu anayepenga kamasi. Twyla alingoja ainuke, atoke, apige mlango. Alishajua hata bawaba zingelia vipi. Hakuinuka. Aliuliza wanaanza lini.

"Alhamisi ijayo. Na kila Alhamisi."

Nje upepo ulikuwa ukikokota vumbi kwenye uwanja wa magari. Walisimama kila mmoja upande wake wa gari, na Twyla alihisi uchovu ukimpanda kutoka magotini, uchovu wa kawaida, wa mtu aliyetembea.

"Alhamisi una zamu," Lonnie alisema.

"Ninayo. Nitabadilishana na mtu."

"Usibadilishane. Nitachukua basi."

"Utasema nini, ukiulizwa?"

Lonnie alitazama gari la jirani likiondoka na jingine likichukua nafasi yake.

"Sijui," alisema. "Badilishana."